Mstari Nyuma ya Mpima Mvua

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana na hapa. Ukipanda basi kwenda huko utasafiri siku nzima, na jioni kondakta atakushusha pale pale ulipopandia. Kwa hiyo asitokee mtu akasema amemtambua waziri, au ameutambua mwavuli wake, au kwamba shemeji yake aliwahi kupangwa kwenye mstari kama huo. Huko ni huko.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mtumishi wa serikali aitwaye Bwana Shilatu, mpima mvua wa kituo cha hali ya hewa cha wilaya. Kituo chenyewe kilikuwa uwanja mdogo wenye uzio wa seng'enge, na katikati kopo la shaba lenye mdomo wa faneli, lililochimbiwa ardhini ili upepo usiliangushe. Kila siku saa tatu asubuhi, kwa miaka ishirini na sita, Bwana Shilatu alilifungua kopo hilo, akamimina kilichomo kwenye bilauri ya kioo yenye mistari, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na maji, akasoma, kisha akaandika kwenye daftari. Hata siku aliyooa alipima kwanza. Mkewe Siwema, ambaye baadaye majirani walimwita Mama Kabula, alimsubiri na hina mikononi hadi saa tatu na robo.

Mvua ilipoacha kunyesha, Bwana Shilatu aliandika sifuri. Kesho yake akaandika sifuri. Aliandika sifuri mia nne na kumi na mbili mfululizo, kwa mwandiko mzuri, kila moja ya mviringo kama yai. Daftari lilipojaa akalipeleka makao makuu kama kawaida, na makao makuu yakatuma gari.

Mashtaka yalikuwa mawili: kuyakashifu masika, na kuandika mambo ya kukatisha tamaa kwa wino wa serikali. Askari waliomkamata walikuwa wameelekezwa wamtendee kwa upole kwa kuwa ni mtumishi mwenzao, kwa hiyo walimvunja mkono wa kushoto tu. Wa kulia ni wa kuandikia.

* * *

Hakimu alikuwa mtu wa haki, na alitaka jambo lieleweke.

"Kama masika ni yale yale ya siku zote, mshtakiwa ni mwongo, atanyongwa," alisema. "Kama hali ya hewa imebadilika, mshtakiwa ni mkweli, aende nyumbani kwake akale. Sasa mahakama itajuaje?"

"Mheshimiwa, ungechungulia dirishani," alisema Bwana Shilatu.

Karani akampiga makofi mawili kwa kuidharau mahakama. Dirisha lile lilikuwa limepakwa rangi ya bendera tangu uchaguzi, na kulichungulia kungehitaji kibali.

Ndipo aliposimama Waziri wa Maoni, Mheshimiwa Ngwale, aliyekuwa amekuja kusikiliza kesi akiwa na mwavuli wake mkubwa mweusi. Katika nchi hiyo waziri hatembei bila mwavuli, kuonyesha imani yake kwa masika.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "nchi nyingine hali ya hewa huachiwa mbingu. Sisi tumepiga hatua. Kwetu hali ya hewa ni mali ya wananchi, na wananchi ndio watakaosema ikoje. Tutawauliza wote: wa jembe, wa fimbo, wa kalamu, wa bunduki. Tutawauliza kwa njia yetu ya asili isiyoibika, yaani mstari. Anayesema imebadilika asimame nyuma ya mshtakiwa. Anayesema haijabadilika asimame nyuma yangu. Mstari mrefu ndio ukweli."

Watu wakapiga makofi. Waliokaa karibu na askari walipiga zaidi. Siku ya mstari ikapangwa kuwa tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, siku moja kabla ya masika, na Bwana Shilatu akarudishwa rumande, ambako alipigwa kila asubuhi ila saa tatu kamili, kwa sababu saa hiyo alisimama wima akitazama juu na askari walimwonea haya.

* * *

Siwema alikuwa na wiki mbili. Hakuwahi kuhutubia hata kikao cha arusi, lakini alijifunga khanga, akaenda kuwaomba watu mmoja mmoja.

Alianza kwa wakulima. Kiongozi wao, Mtipa, ndiye aliyemsimamia Shilatu arusi yake. Alimkuta amekaa katikati ya mahindi yaliyofika gotini na kufia hapo.

"Shemeji, hilo nalo la kuuliza?" alisema Mtipa. "Imebadilika. Tutasimama nyuma ya Shilatu mpaka kucha zing'oke."

"Ahsante, shemeji."

"Na walioibadilisha ni hao wa ng'ombe. Kwato elfu nane zinaitwanga ardhi mpaka inakuwa saruji. Mvua itaingilia wapi? Na yenyewe ina akili, haiji."

Siwema akasema hilo watalizungumza siku nyingine, akavuka kwenda kwa wafugaji. Mkubwa wao, Kashu, alikuwa anachuna ngozi ya ng'ombe wake wa thelathini na moja.

"Karibu, mama. Usikae hapo, hapo ni Malaika." Alionyesha rundo la mifupa ya ng'ombe. "Mwaka aliokufa Malaika ndio mwaka mbingu ilipofungwa. Kabla yake alikufa Sabuni, kabla ya Sabuni alikufa Mwalimu. Wote ninawakumbuka kwa majina. Imebadilika, nani atakataa? Tutasimama."

"Mungu awabariki."

"Lakini tusifichane, mama. Wameibadilisha hao wa majembe. Wamekata miti mpaka kule kileleni ambako mawingu yalikuwa yanapumzika. Wingu likija linakosa pa kukaa, linapita. Hata wewe ungepita."

Kwa wachoma mkaa alimkuta Bi Tausi, amejaa majivu mpaka kwenye kope. "Imebadilika, mwanangu, tena sana. Ni hao wa mjini. Wanachemsha maharage saa nne nzima. Mimi nachoma wanachoniagiza." Kwenye nyumba ya maombi mzee wa kanisa alikubali kwamba imebadilika, akataja na tarehe: ni siku ile mabinti wa wilaya walipoanza kuvaa suruali.

Mjini alipandishwa ghorofa ya tisa, kwenye ofisi ya mtu mwenye sweta.

"Joto lipi, mama?" aliuliza yule bwana, akisugua viganja. "Mimi hapa natetemeka. Nishike vidole." Siwema alimshika, na kweli vilikuwa vya baridi kama samaki wa dukani. Ukutani kiyoyozi kilionyesha nyuzi kumi na nane. Kilionyesha hivyo kwa miaka kumi na moja, na kwa kumbukumbu za ofisi ile hali ya hewa haikuwahi kupanda wala kushuka.

Wasomi wa chuo kikuu walimpa chai. Walisema hali ya hewa imebadilika kwa kiasi fulani katika muktadha fulani, na kwamba siku ya mstari wangekuja, ila wangesimama katikati, kwa kuwa awamu ya kwanza ya utafiti ilihitaji awamu ya pili.

Siwema alirudi nyumbani miguu imepasuka, moyo mwepesi. Ukiondoa wenye viyoyozi na wenye chai, nchi nzima ilikuwa imesema neno moja na mumewe.

* * *

Mistari ilipangwa kwenye mto, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine papana. Kwenye ramani ya nchi hiyo mto ule bado una rangi ya buluu, na askari walikuja wamevaa maboya, kama kanuni za usalama wa majini zinavyotaka. Waliusimamisha umati juu ya mchanga, katikati ya magamba ya kambare.

Bwana Shilatu alifungwa pingu kwenye kigingi, akitazama upande yalikotokea maji zamani. Sheria ya mstari haimruhusu anayepangiwa kugeuka nyuma, asije akawatisha wapiga kura kwa macho. Hatua ishirini pembeni yake alisimama Mheshimiwa Ngwale chini ya mwavuli.

Kipenga kikalia, na watu wakapanga. Nyuma ya Waziri walikwenda wa ofisini na sweta zao mkononi, askari wasiokuwa zamu, wake zao, na wenye zabuni ya maboya. Walikuwa mia tatu na kumi na mbili, na walipewa soda. Nyuma ya Bwana Shilatu walikwenda waliobaki. Mstari wao ulipita kona ya kwanza ya mto, ukapita ya pili, na karani aliyetumwa na baiskeli kutafuta mwisho wake hakurudi mpaka saa tano. Askari waliwapiga kidogo kwa kosa la kutonyooka, hasa kwenye kona. Hakuna aliyetoka.

"Mama Kabula," aliita Bwana Shilatu bila kugeuka. "Wako wangapi?"

"Wengi," alisema Siwema. "Wengi mno. Siuoni mwisho."

Waziri naye aliona. Alinong'onezana na karani, kisha akachukua kipaza sauti kwa uso wa baba mwenye furaha.

"Ndugu wananchi. Nimeguswa. Maoni mazuri ni yale yenye sababu. Kwa hiyo kabla hatujahesabu, fomu ina swali la pili, dogo tu. Ninyi mnaosema imebadilika, tuambieni: nani ameibadilisha? Mnyoosheeni kidole."

Kisha wakulima elfu moja na zaidi wakawanyooshea kidole wafugaji, na wafugaji wakawanyooshea wakulima. Wachoma mkaa wakageuka kuwatafuta watu wa mjini, hawakuwaona mstarini, wakawanyooshea waliokuwa karibu. Mzee wa kanisa akamnyooshea kidole binti wa Mtipa, aliyevaa suruali.

"Si swali la leo hilo," Siwema alipiga kelele, akikimbia kando ya mstari. "Shemeji, Kashu, jamani, la leo ni moja. Tusimame tu. Tusimame tu tuhesabiwe."

"Tunasimama, shemeji," alisema Mtipa, "ila huyu atoe kwanza fimbo yake mgongoni mwangu."

"Fimbo yangu haijakugusa," alisema Kashu. "Ingekugusa ungejua."

"Niguse."

Akamgusa. Mtipa akatema meno mawili kwenye mchanga, akachomoa panga, na sikio la kushoto la Kashu likaondoka pamoja na hereni yake. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Majembe yalipanda na kushuka kama siku nzuri ya kulima. Mkuki mmoja uliwapitia wakulima wawili waliosimama kwa ukaribu, kama walivyoelekezwa na askari. Mzee wa kanisa alizikwa kichwa kwenye gunia la mkaa mpaka miguu yake ikatulia. Mchoma mkaa mmoja, mtu wa taratibu, alichomwa kisu akiwa bado ameinua mkono kuomba nafasi ya kuzungumza. Wasomi walijaribu kuandika yanayotokea, na walipokanyagwa, karatasi zao zilikutwa na neno moja zuri sana la Kilatini.

Askari hawakuingilia. Walisema ni maoni huru.

Mstari wa Waziri ulisimama kwa nidhamu, ukinywa soda.

Bwana Shilatu alikuwa anatazama mbele. Alisikia tu. Alisikia sauti ya mkewe ikiita majina ya watu, jina baada ya jina, kisha akasikia kitu kizito kikigonga kitu, na hakuisikia tena ile sauti. Akaita, "Mama Kabula." Askari akamkumbusha kwa kitako cha bunduki kwamba kampeni zimefungwa.

Kuhesabu kulianza saa nane. Kanuni ilikuwa wazi na ilisomwa kwa sauti: anahesabiwa aliyesimama. Aliyelala chini, kwa sababu yoyote ile, ameonyesha kwamba hana maoni. Nyuma ya Bwana Shilatu walihesabiwa tisini na saba. Waliokimbia hawakujulikana idadi. Wasio na maoni walizagaa mpaka kona ya pili, na sitini na watatu kati yao hawakuwa na maoni milele. Siwema alikuwa miongoni mwa walio hai, ila alikuwa amelala kifudifudi na damu sikioni, kwa hiyo kwenye fomu rasmi mke wa mpima mvua hana maoni kuhusu jambo hilo.

* * *

Bwana Shilatu alihukumiwa kunyongwa kesho yake. Lakini kesho yake ilikuwa tarehe kumi na tano, na mnyongaji, mtu aliyeijua kazi yake, akaleta alfajiri kitabu cha sheria ya kunyonga.

Sheria hiyo ni ya zamani. Wakati inaandikwa mnyongaji alikuwa na shamba, na akinyonga siku za mvua shamba lilimea magugu. Kwa hiyo inasema: ndani ya masika mtu asinyongwe, isipokuwa siku ambayo kituo cha hali ya hewa kimethibitisha kwa daftari kwamba mvua haikunyesha. Na inasema tena: asiyenyongwa mpaka masika yaishe, tarehe thelathini na moja ya mwezi wa tano, aachiwe huru, kwa kuwa serikali haipendi viporo.

"Basi kituo kithibitishe," alisema Mheshimiwa Ngwale.

"Mwenye kuthibitisha ni mpima mvua, Mheshimiwa," alisema mnyongaji. "Na wilaya inaye mmoja."

"Mleteni apime."

"Ataandika sifuri, Mheshimiwa. Si ndiyo tunayomnyongea?"

Waziri alifikiri. "Ile ilikuwa sifuri ya uchochezi," alisema. "Hii itakuwa sifuri ya serikali."

Kwa hiyo saa tatu asubuhi Bwana Shilatu aliletwa kituoni kwake kwa minyororo, na askari wawili, na mnyongaji aliyebeba kamba kwenye mfuko wa nailoni. Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani. Bwana Shilatu alifungua kopo la shaba kwa mkono wake mmoja, tayari kwa kile alichokuwa amekwisha kukiona mara mia nne na kumi na mbili, akamimina kwenye bilauri.

Maji yakatoka.

Alitazama juu. Alitazama uzio, pale mbuzi walipokuwa wamebomoa. Nyuma ya uzio Siwema, aliyekuwa amekwisha kusikia habari za kitabu cha mnyongaji, alikuwa amesimama na bandeji kichwani na kikombe cha bati mkononi. Bwana Shilatu alinusa bilauri.

"Yana harufu ya mtungi," alisema taratibu.

"Soma tu, Baba Kabula," alisema Siwema.

"Umekunywa wewe?"

"Soma."

Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na maji. Askari walimwona akikaa hivyo muda mrefu. Kazi yake ilikuwa kusoma kilichomo. Aliyekiweka hakuwa na nafasi kwenye daftari. Akaandika: milimita tisa. Tisa ile ilitoka mbaya, kama imeandikwa na mtu mwingine. Mnyongaji akakunja mfuko wake, akasema basi, mpaka kesho.

* * *

Kuanzia siku hiyo Siwema aliishi kwa kazi moja. Maji ya wilaya yalikuwa kwenye mashimo yaliyochimbwa mchangani, marefu kuliko mtu, na aliyepanga foleni tangu asubuhi aliondoka jioni na dumu dogo la maji ya kahawia. Siwema alilichuja kwa khanga, akaliacha litulie, na alfajiri alipita kwenye uzio na nusu kikombe. Siku nyingine alipunguza, maana mvua ya kweli hailingani. Midomo yake ilichanika. Alikuwa anahesabu siku, na zilikuwa sabini na nane.

Takwimu zikafika makao makuu, na huko zilishangiliwa. Mwezi wa nne ulipoisha, Mheshimiwa Ngwale alizungumza redioni. Alisema wilaya ile, iliyopakwa matope na mtu mmoja, imepata masika bora tangu uhuru, na kwamba daftari limeandikwa na mkono ule ule uliokuwa ukitukana. Alisema hajawahi kuona mfungwa aliyejirekebisha kiasi hicho. Kisha akatangaza kwamba malori ya unga wa msaada yaliyokuwa njiani yamegeuzwa, kwa sababu kupeleka chakula mahali penye mvua ni kuwafundisha watu uvivu.

Malori yaligeuzia darajani. Watu waliyaona yakigeuza.

Wakulima na wafugaji walikuwa bado wanauana wakati huo, watatu wanne kwa wiki, kwa ule mjadala wa swali la pili. Sasa wakapungukiwa nguvu. Mtipa alizika mtoto wake mdogo Jumanne na aliyemfuata Ijumaa. Kashu alichemsha ngozi ya Malaika. Ikafika wakati mtu akikutana na adui yake njiani, panga linabaki kiunoni, wanatazamana tu, kila mmoja akitafuta pumzi.

Ndipo Bi Tausi wa mkaa, akipita alfajiri na gunia lake tupu, alipomwona mwanamke ndani ya uzio wa kituo, amepiga magoti, anamimina maji ardhini.

* * *

Walikuja tarehe ishirini na saba ya mwezi wa tano, saa tatu asubuhi. Njia ya kwenda kituoni ni nyembamba, kwa hiyo walikuja kwa mstari mmoja. Mbele alikuwa Mtipa bila meno, nyuma yake Kashu bila sikio, nyuma yao jembe na fimbo na gunia, bila kusukumana. Mstari ulinyooka vizuri sana. Waliokuwapo wanasema ulikuwa mrefu kuliko ule wa mtoni.

Bwana Shilatu alikuwa ameinama juu ya bilauri. Siwema akasimama mlangoni mwa uzio.

"Tupishe, Mama Kabula," alisema Mtipa.

"Ni mimi, shemeji. Mimi ndiye niliyemimina. Yeye anasoma tu."

"Tunajua."

"Zimebaki siku nne. Nne tu, kisha ataandika kweli yote. Atawaandikia zote, tangu ya kwanza. Namjua."

"Wangu wawili hawakupewa nne," alisema Mtipa.

Kashu alikuwa anatazama kikombe cha bati. "Umemwaga maji, mama," alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza. "Chini. Siku sabini na kitu. Maji."

Siwema alikificha kikombe ndani ya khanga, na nyuma ya Kashu mstari wote uliona.

"Subirini niandike," alisema Bwana Shilatu. Walimsubiri, kwa kuwa walikuwa watu wenye adabu na walimfahamu tangu zamani. Bilauri ilisema milimita nane. Mnyongaji alikuwa amesimama kando na mfuko wake. Bwana Shilatu alimtazama mkewe, akawatazama wale watu mbavu zao, akaandika sifuri. Ilikuwa ya mviringo kama yai, na ndilo jambo la uwongo pekee aliloliandika kwenye daftari la kituo kwa miaka ishirini na sita.

"Nimeandika sifuri," alisema. "Unga utarudi."

Mtipa alilitazama daftari. "Leo," alisema. "Leo ndiyo unaandika."

Panga likashuka. Baada yake zikashuka fimbo, na majembe, na mawe ya waliokuwa mbali, maana kila kundi lilitaka kushiriki. Askari wawili walisogea kando. Amri yao ilikuwa kuhakikisha mfungwa hatoroki, na hakutoroka. Siwema alimlalia juu, akavunjwa mbavu tatu, akaburutwa pembeni kwa heshima. Mnyongaji alisema hajawahi kuona jambo likifanywa bila utaratibu kiasi hicho, akaondoka na kamba yake.

Walipokwisha kwenda, kwa mstari, askari mmoja aliliokota daftari. Ukurasa wa siku ile ulikuwa umelowa, na sifuri haikusomeka.

"Mama," alisema, "pole. Lakini siku haiwezi kubaki wazi. Watatuuliza."

Siwema akatambaa mpaka kwenye kopo la shaba, lililokuwa wazi pale alipoangukia mumewe. Bilauri haikuvunjika, ila maji yake yalikuwa yamemwagika. Akamimina kilichokuwa ndani ya kopo, chekundu, kizito, kikishuka polepole, akakisubiri kitulie kama alivyomwona akisubiri asubuhi zote zile. Akainama mpaka jicho lake likawa sawa nacho, akasoma, akaandika.

Milimita tatu.

Redio ya jioni ilisema masika bado yanaendelea katika wilaya ile. Ilisema pia kwamba Mheshimiwa Waziri wa Maoni amewapongeza wananchi wa huko, wakulima kwa wafugaji, kwa kusimama kwa mara ya kwanza kwenye mstari mmoja.

Huko ni huko. Hapa kwetu ni joto tu kidogo, na kila mtu anajua nani amelisababisha.